Fomu, Jedwali, Ramani

Tarehe 3 Januari 2008, usiku, mwanasheria na mwanablogu Ory Okolloh aliandika ombi kwenye blogu yake, Kenyan Pundit. Alikuwa Nairobi wakati wa uchaguzi, na sasa alikuwa anarudi Johannesburg alikoishi. Aliwaza kwamba picha za Google Earth zinaweza kuonyesha nyumba zilizochomwa, na kwamba kumbukumbu hiyo itahitajika siku Wakenya watakapokaa chini kuambiana ukweli. Basi akauliza: kuna fundi yeyote wa kompyuta anayeweza kuchukua ramani za Google na kuweka juu yake kila mahali ghasia zinapotokea?

Siku nne kabla ya hapo, Mwai Kibaki alikuwa ametangazwa mshindi na kuapishwa jioni hiyo hiyo, na serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Nilikuwa mtoto Nakuru. Ninachokumbuka ni watu wazima wakibadilisha stesheni za redio kama watu wanaotafuta funguo gizani, na kadi za simu zikiuzwa kwa siri maana maduka yalikuwa yamefungwa. Habari zilikuja kwa simu ya shangazi, kwa jirani, kwa uvumi. Hakuna aliyekuwa na picha nzima.

Ndani ya siku chache baada ya ombi lile, tovuti ikawa hewani. Iliitwa Ushahidi.

Hadithi hii imesimuliwa sana, hasa na watu wanaopenda kuliita jiji letu majina ya kigeni, na kwa kawaida inasimuliwa kama muujiza wa vijana werevu. Mimi kinachonisumbua ni zile siku chache. Niliacha chuo mwaka wa pili na tangu hapo sehemu ya kodi ya nyumba yangu imetokana na kujengea watu tovuti. Siku chache nazijua. Mteja wa viatu Gikomba anaweza kuzimaliza akichagua rangi ya kitufe. Watu hawa walikuwa wametapakaa: Okolloh Afrika Kusini, David Kobia Alabama, Erik Hersman Florida, wengine kama Juliana Rotich na Daudi Were nao wakisaidia, na wote walikuwa na wasiwasi juu ya ndugu na marafiki Kenya. Waliwezaje?

Jibu fupi ni kwamba kufikia 2008 vipande karibu vyote vilikuwa vimeshatengenezwa na watu wengine, na vingi vilikuwa bure. Jibu refu ndilo historia yenyewe ya programu za wavuti, na ningependa kuipitia, kwa sababu tunaishi ndani ya programu hizi kutwa kucha na wengi wetu hatujui zimesimama juu ya nini.

Mwanzoni wavuti ulikuwa karatasi. Tim Berners-Lee alipopendekeza mfumo wake pale CERN, Uswisi, mwaka 1989, alikuwa akitafuta namna ya wanasayansi kusomeana nyaraka zao. Unabofya neno, ukurasa mwingine unakuja. Kompyuta iliyohifadhi kurasa, yaani seva, ilifanya kazi ya mesenja wa ofisi: kuleta faili kama lilivyo na kurudi kukaa. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN walitangaza kwamba teknolojia hiyo ni mali ya umma na yeyote aitumie bila kulipa. Ukiniuliza siku moja muhimu kuliko zote katika mambo haya, nitakutajia hiyo. Hakuna aliyepiga vigelegele.

Mwaka huo huo, mafundi wa NCSA, kituo cha kompyuta katika Chuo Kikuu cha Illinois, waliwapa wenye seva njia ya kufanya jambo lingine. Badala ya kuleta faili lililokuwa tayari, seva iliweza kuita programu, kuipa maneno aliyoandika msomaji, kisha kumrudishia msomaji ukurasa ambao programu imeuandika papo hapo. Njia hiyo iliitwa CGI. Ukurasa ukaanza kusikiliza. Ukaweka fomu: jina lako, swali lako, kitufe cha kutuma. Hapo ndipo tovuti ilipoacha kuwa ubao wa matangazo ikawa dirisha la huduma, lenye mtu upande wa pili, ingawa mtu huyo ni mashine.

Mashine hiyo ilikuwa na kasoro moja, na bado inayo. Haina kumbukumbu. Mfikirie konda wa matatu anayesahau kila abiria pindi akigeuza shingo. Umelipa, ameangalia dirishani, amerudi: "Nauli!" Ndivyo kivinjari na seva vinavyozungumza. Kila ombi ni mgeni mpya. Mwaka 1994 Lou Montulli wa Netscape alibuni suluhisho linalofanana na tiketi: seva inakipa kivinjari kipande kidogo cha maandishi, na kivinjari kinakionyesha kila kinaporudi. Ndiyo kuki ile ile unayoulizwa kama unaikubali kabla hujasoma habari yoyote. Bila hiyo usingeweza kuingia kwenye akaunti na kubaki umeingia.

Lakini tiketi inatambulisha abiria tu. Nani ameweka nini, lini, wapi, hayo yanahitaji daftari. Mama wa duka mtaani kwetu ana kitabu cha madeni: safu ya jina, safu ya bidhaa, safu ya bei, safu ya tarehe, na kila deni ni mstari mmoja. Mwaka 1970 Edgar Codd wa IBM alionyesha kwa hisabati kwamba karibu kumbukumbu yoyote ya shirika inaweza kupangwa hivyo, kwa majedwali yanayorejeleana, na kwamba mtu aulize anachotaka bila kujua karatasi imewekwa rafu gani. Wateja wanapenda kunionyesha picha za mwonekano wanaoutaka. Mimi huwauliza kwanza: kitabu chako kina safu gani? Wengi hawajui, na hapo ndipo kazi inaanzia hasa.

Kisha ukaja mwaka 1995, mwaka wa ajabu. Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, alitoa hadharani vifaa vidogo alivyokuwa amevitengeneza ili ajue nani anasoma wasifu wake mtandaoni. Akaviita PHP. Pale Netscape, Brendan Eich alipewa kazi ya kutengeneza lugha ya kuendesha mambo ndani ya kivinjari chenyewe, akaandika toleo la kwanza kwa siku kumi mwezi Mei. Hiyo ni JavaScript, na haraka ile bado inaonekana ndani yake. Muulize yeyote aliyewahi kusota nayo saa tisa usiku. Mwaka huo huo ikatoka pia MySQL, programu ya kuhifadhi majedwali, ambayo mmoja wa waanzilishi wake, Michael Widenius, aliipa jina la binti yake, My. Kufikia miaka ya 2000, mtu mwenye kompyuta ya kuazima angeweza kuwa na PHP na MySQL bila kulipa senti. Mimi nilijifunza zote mbili kwenye saiba, kwa noti za watu nisiowajua.

Bado palikuwa na kizuizi kimoja. Kila ulipobofya kitu, ukurasa mzima ulifutika na mwingine ukaletwa. Hebu fikiria ramani ya namna hiyo: ukisogea mashariki kidogo unasubiri, ukisogea tena unasubiri. Suluhisho lilitoka mahali ambapo watu wa programu huria hawapendi kupasifu. Wafanyakazi wa Microsoft waliokuwa wakijenga barua pepe ya Outlook ya kusomea kwenye kivinjari walihitaji ukurasa uweze kunong'ona na seva kichinichini wakati wewe unaendelea kusoma. Uwezo huo ukaingizwa katika Internet Explorer 5 mwaka 1999. Ulikaa hapo miaka kadhaa, wachache wakijua thamani yake. Gmail ikautumia Aprili 2004. Februari 2005 Google Maps ikaonyesha dunia nzima imekatwa vipande vya mraba kama vigae vya sakafu: unavyovuta ramani, vigae vipya vinaletwa kimyakimya na kupangwa pembeni. Nimeitumia maelfu ya mara na bado nikiwaza kinachotendeka chini yake naona ni kitu safi sana.

Wiki chache baadaye, Paul Rademacher, mhandisi wa programu kule California aliyechoka kutafuta nyumba, alichokonoa msimbo wa ramani ile mpaka akaielewa, akachukua matangazo ya nyumba za kupanga kutoka Craigslist na kuyabandika juu yake. Hakumwomba mtu ruhusa. Google wangeweza kumshtaki. Badala yake walimwajiri, na Juni 2005 wakafungua mlango rasmi ili yeyote aweke alama zake juu ya ramani zao. Mchanganyiko wa namna hiyo, ramani ya huyu na taarifa za yule, ndio Okolloh alioomba. Neno alilolitumia lilikuwa limezoeleka tayari miongoni mwa mafundi. Alikuwa anaagiza kitu kilichokuwa kwenye menyu.

Kenya yenyewe ilikuwa wapi wakati huo? Nyaya za kwanza za intaneti za chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka 2009. Januari 2008 kila ukurasa ulipanda kwenye setilaiti na kushuka, polepole na kwa bei ya juu. Walioweza kufungua tovuti walikuwa wachache, ila simu za mkononi zilikuwa zimeenea. Ndiyo maana Ushahidi haikutegemea fomu ya wavuti peke yake. Ungeweza kutuma taarifa kwa fomu, kwa barua pepe, au kwa SMS. Kwangu mimi hapo ndipo ubunifu wao ulipo. Ramani walikuwa wameikuta. Kuielewa simu ya kabambe yenye tochi kama mlango wa kuingilia kwenye programu ya wavuti, hilo lilitoka kwa watu waliojua Burnt Forest ina nini na haina nini.

Tuifuate taarifa moja ya kubuni. Mtu anaandika kwamba nyumba zinachomwa mahali fulani karibu na Eldoret. Maneno yake yanafika kwenye seva, programu inayapokea, inafungua mstari mpya kwenye jedwali: tarehe, maelezo, jina la mahali, aina ya tukio. Jina la mahali halimaanishi chochote kwa ramani. Ramani inataka namba mbili, latitudo na longitudo. Kwa hiyo mtu anatafuta mahali penyewe na kuziandika. Kisha taarifa inasubiri. Haijatokea popote. Mmoja wa wale wachache anaisoma, anailinganisha na wanachojua waandishi wa habari na mashirika yaliyoko huko, na akiridhika anaipitisha. Hapo tu ndipo alama inapotokea kwenye ramani ya Kenya, na mtu mwingine Toronto au Kayole akiibofya anasoma.

Kwa fundi, kupitisha huko ni kitu kidogo cha aibu. Ni safu moja ya ziada kwenye jedwali, yenye sifuri au moja. Sifuri, haionekani. Moja, inaonekana. Ningeiandika kwa dakika tano. Lakini uzito wa mradi wote ulikaa ndani ya safu ile, na ninaweza kukuonyesha kwa nini bila kwenda mbali, kwa sababu David Kobia alikuwa na tovuti nyingine.

Iliitwa Mashada, mojawapo ya mabaraza ya mwanzo kabisa ya Wakenya mtandaoni. Kimuundo ilikuwa jamaa wa karibu wa Ushahidi: fomu, seva, majedwali, ukurasa unaoandikwa upya kila mtu anapochangia. Baada ya uchaguzi baraza likajaa matusi ya kikabila kiasi kwamba Kobia aliamua kulifunga. Kwa muda akaweka mahali pake tovuti nyingine, I Have No Tribe, watu waandike maneno ya kuleta pamoja. Kwa hiyo mwezi ule ule, mtu yule yule alikuwa anafunga mlango mmoja na kujenga mwingine, kwa vifaa vya ukoo mmoja. Tofauti ilikuwa nani anasoma kabla ya umma kusoma, na fomu inauliza nini.

Maana fomu nayo ina maoni. Ukiweka orodha ya aina za matukio, umeshaamua nini kitahesabika. Ushahidi ya kwanza iliweka vifo, uporaji, ubakaji, waliohamishwa makwao. Iliweka pia juhudi za amani. Hiyo ya mwisho naiona ya busara kuliko zote: kama haingekuwa kwenye orodha, kijiji ambacho wazee walikaa barabarani kuzuia vijana kingebaki kitupu kwenye ramani, kana kwamba hakuna kilichotokea. Na ubakaji, ambao familia nyingi zilikuwa zinaunyamazia, ulikuwa na alama yake kama uporaji ulivyokuwa na yake. Kuna wasomi wanaotumia kurasa mia tatu kueleza siasa za kumbukumbu. Fungua orodha ya chaguo kwenye fomu yoyote ya serikali utaziona hapo zimepangwa wima.

Nisiipambe. Ramani haikumwokoa mtu yeyote ninayemjua. Nakuru na Naivasha zilipolipuka mwishoni mwa Januari, tovuti ilikuwa na wiki kadhaa hewani, na majirani zetu walikimbia kwa kusikia kelele, si kwa kubofya. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu waliouawa 1,133. Waliokimbia makwao walikuwa mamia ya maelfu. Tovuti yenye taarifa zinazohitaji kusomwa moja moja na watu wachache waliochoka haiwezi kushika kitu kikubwa hivyo, na anayetaka kukuuzia programu kama dawa ya chuki anatafuta pesa yako.

Ila fikiria kumbukumbu mbili zilizotoka katika miezi ile. Tume ya Waki iliweka majina ya watuhumiwa wakuu ndani ya bahasha, ikaifunga, ikampa Kofi Annan, naye Julai 2009 akaifikisha kwa mwendesha mashtaka wa mahakama ya Hague. Kila Mkenya wa umri wangu alikua akisikia habari za bahasha. Kesi zilizofuata zote zilianguka bila hukumu ya hatia. Kumbukumbu ya pili ilikuwa jedwali lenye tarehe na mahali, wazi kwa yeyote mwenye kivinjari, lililoandikwa na watu wasio na cheo. Hakuna aliyefungwa kwa sababu yake pia. Lakini ya kwanza ilituomba tusubiri, na ya pili ilituomba tuandike, na kizazi kilichokua kati ya hizo mbili kimejifunza kupiga picha risiti, kurekodi askari, kuweka kila kitu mahali penye tarehe. Angalia mtaani Juni yoyote ya karibuni uniambie kama nimekosea.

Na kumbukumbu ya namna ya pili ina udhaifu wake ambao bahasha haina. Karatasi ukiiweka kwenye kabati inakaa. Programu ya wavuti lazima ilishwe: jina la tovuti linalipiwa kila mwaka, seva kila mwezi, na PHP ya 2008 haiendeshwi na seva ya leo bila mtu kukaa kuirekebisha. Wateja hunishangaa ninapowaambia kwamba siku ya kuzindua ndiyo siku ya kuanza kulipa. Wanadhani wamenunua jengo. Wamepanga kibanda, na mwenye ardhi ni mtu mwingine.

Timu ya Ushahidi ilikuwa na jambo hilo mezani mapema. Mei 2008 walishinda zawadi ya kwanza, dola 25,000, katika shindano la NetSquared huko California la mchanganyiko wa taarifa kama huu wao. Wakaandika programu upya kutoka chini, kwa PHP, juu ya mfumo huria uitwao Kohana, wakiitenganisha na Kenya ili mtu yeyote aweke ramani yake na orodha yake. Msimbo wakautoa bure. Walikuwa wamejenga kwa vitu vya bure, wakarudisha kwenye lundo. Kabla mwaka haujaisha ulikuwa umejaribiwa mashariki ya Kongo, wakati wa mapigano karibu na Goma.

Kisha tarehe 12 Januari 2010 tetemeko likaipiga Haiti. Usiku ule ule Patrick Meier, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamifu Boston, alianza kuweka ramani ya Haiti kwa programu hiyo, na wanafunzi wenzake wakajaza sebule yake wakisoma taarifa. Siku chache baadaye namba fupi, 4636, ilifunguliwa ili watu watume ujumbe bure. Ujumbe ulikuja kwa Krioli: watu chini ya vifusi, maji yameisha, mama anajifungua. Wahaiti waishio ng'ambo waliusoma kwenye kompyuta zao, wakaufasiri, na wale waliokulia mitaa hiyo walijua kichochoro kipi kinatajwa hata kama hakina jina kwenye ramani yoyote, wakaandika latitudo na longitudo yake. Mstari mmoja, kisha mwingine, kwenye jedwali lililochorwa kwanza kwa ajili ya Bonde la Ufa, ndani ya programu ambayo hata Port-au-Prince ilibaki na jina lake la Kiswahili.